Jino la Kushikia Uzi

Jumatatu, 2 Julai 1973

Baridi. Mlima Kenya haujaonekana tangu wiki iliyopita. Nimeshona vipande vitano kabla ya chai. Kila nilipokumbuka nilijinyanyua kwa mikono ili makalio yapate hewa. Yenyewe hayaniambii yanapochoka. Lazima nikumbuke mimi, kama mtu aliyeachiwa ng'ombe wa jirani.

Mpira ni wa Mwalimu Ndirangu. Fainali ya shule iko Ruring'u, Jumamosi tarehe 21, na mpira wao wa zamani umekuwa na umbo la kiazi. Ameleta ngozi nzuri. Akasema, "Fundi, nataka mpira unaojua njia." Nikamwambia mipira yangu yote inajua njia, ni vijana wake wanaoipoteza. Akacheka. Ni mtu wa kucheka. Ndiyo maana timu yake hushindwa bila ugomvi.

Nilipovuta uzi wa kipande cha sita, jino likanijibu.

Chonge la juu, upande wa kulia. Limekuwa likinung'unika tangu Pasaka. Leo lilisema waziwazi.

Jumanne, 3 Julai

Naandika nikiwa kifudifudi. Sista wa wodi kule Nairobi aliniamuru nilale hivi kila siku baada ya chakula, vidonda visipate nafasi. Nimemtii miaka kumi. Sijui kama yuko hai. Naandika Kiswahili kwa sababu mke wangu Nyambura anasoma Kikuyu haraka kuliko ninavyoandika.

Nafikiria jino. Mtu mwenye mgongo mzima ana mikono miwili. Mimi nikivuta uzi kwa mikono yote miwili naanguka kifudifudi juu ya mpira, maana kuanzia kifuani kushuka hakuna anayenishikilia. Kwa hiyo mkono mmoja hushika kiti na mmoja huvuta. Magoti nayafunga kwa mshipi ili yabane ubao wa kushonea. Ncha ya pili ya uzi huenda kwenye chonge. Chonge ndilo mkono wangu wa kushoto.

Na ni meno ya kuaminika. Siku ile nilipoanguka kutoka paa la kanisa kule Naro Moru, nikipigilia mabati, nilikuwa na misumari minne mdomoni. Niliamka bila miguu. Misumari ilikuwa bado mahali pake. Kanisa lilimaliziwa na wengine, na halivuji.

Alhamisi, 5 Julai

Jino limeninyima usingizi. Chai ya moto, linauma. Maji baridi, linauma zaidi. Uji wa vuguvugu tu ndio tunaoelewana nao.

Nyambura aliweka karafuu. Akaniinamia akachungulia, na mimi nikachungulia mwanya wake wa mbele, ule ulionifanya nipite kwao mara nyingi bila sababu enzi zile. Alisema kuna shimo, "Kama mahali panya ameingilia gunia." Akasema niende hospitali. Nikasema kesho. Akasema kesho yangu anaijua.

Gathogo, jirani anayeendesha pikapu ya chama cha maziwa, alisimama dirishani akasikiliza. Akatoa shauri lake.

"Baba Wanjiru, hiyo jino ni ya kutoa tu. Niko na koleo kwa gari."

Nikamuuliza koleo hilo limewahi kutoa nini. Akafikiri. Akasema misumari, na mara moja jino la mjomba wake, ingawa lilikuja na jingine lililokuwa zima.

Nimemshukuru. Sikumpa jino.

Ijumaa, 6 Julai

Nimeshona kipande kimoja tu. Nilijaribu kung'ata uzi upande wa kushoto. Kule kuna pengo, uzi unateleza kama samaki.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesikiliza. Siogopi sindano. Naogopa kwamba madaktari wanapoona mtu wa kiti cha magurudumu huamua haraka. Mtu huyu amepoteza miguu, jino moja ni nini kwake? Walining'oa mawili namna hiyo wodini. Sikuulizwa. Ndilo pengo lenyewe la kushoto.

Wakiling'oa hili, mipira imekwisha. Mipira ikiisha, mimi ni mtu wa kuwekwa juani asubuhi na kuondolewa jioni, kama mahindi yanayokaushwa.

Jumatatu, 9 Julai

Tumeenda. Nimerudi na jino, lakini si kwa heshima.

Gathogo alitupakia alfajiri kati ya makopo ya maziwa, kiti kikafungwa kwa kamba juu ya mlango wa nyuma. Makopo yana adabu kuliko abiria. Hayakuulizi ulifanya nini mpaka ukawa hivyo. Alitushusha hospitalini akaenda zake, maziwa hayangoji.

Chumba cha meno kiko juu ya ngazi. Waliojenga walidhani mwenye jino bovu ana miguu mizuri. Wahudumu wawili walikuja wakasimama pale chini. Mmoja akasema mgongo wake unamsumbua. Aliniambia mimi hayo. Nikampa pole. Mwingine akaenda kumtafuta wa tatu, na nadhani mpaka sasa anamtafuta.

Nyambura alifungua kikapu chake akatoa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa kwetu hubebea kuni, unaozunguka mzigo na kupita juu ya kipaji cha uso. Akaupitisha chini ya mapaja yangu na nyuma ya mgongo, akachuchumaa, akaegemeza, akainuka. Nikapanda ngazi nikitazama nyuma kama mtoto, au kama kuni. Watu wote waliokuwa kwenye foleni waliniona uso kwa uso.

Nilipokuwa kijana nilibeba mizigo ya wazungu mlimani, hema zao na makopo yao ya nyama. Nilijivunia kwamba mwanamume wa kwetu hubeba kwa bega, si kwa kichwa. Leo nimekuwa mzigo wa kichwa. Mlima haukuwepo kuona, umefunikwa. Ashukuriwe Mungu kwa mawingu.

Tulikaa kwenye benchi muda mrefu. Hapo ndipo jambo likatokea. Paipu yangu ya mkojo hushuka ndani ya suruali mpaka kwenye kifuko cha mpira nilichokifunga kwenye muundi. Kifuko kilijaa. Sikusikia, ningesikiaje? Kikafurika. Mama mmoja mzee wa pembeni yangu aliinua viatu vyake polepole, kimoja kimoja, akatazama dari na kusema, "Ati paa hii inavuja." Alisema kwa huruma. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nyambura alipangusa sakafu kwa leso yake. Sikumtazama.

Daktari wa meno ni kijana kutoka Meru, Mwirigi. Mikono mikubwa, sauti ndogo. Alichungulia akachukua koleo. Nikafunga mdomo.

Akasubiri. Nikasubiri. Nyambura ndiye aliyemweleza: uzi, mpira, mkono mmoja. Kijana akaweka koleo chini akatazama tena, kwa kioo kidogo, safari hii kwa makini.

"Mzee, hapa watu hukuja na jino imeoza mpaka mzizi, halafu wanataka itoke leo. Wewe ndio wa kwanza kuniomba ibaki."

Alisema shimo ni kubwa lakini mzizi bado uko hai, ndiyo maana linapiga kelele. Linaweza kuzibwa. Dawa ya kuzibia itakuwa imefika wiki ijayo. Nije Jumanne ya tarehe 17. Itachukua muda mrefu, na nikikawia litavimba, na likivimba litang'olewa. Akapaka kitu chungu cha kutuliza.

Nilimpenda. Sikumwonyesha. Watu wa Meru ukiwasifu wanapandisha bei ya mahindi.

Jumanne, 10 Julai

Leo hakuna cha kuandika. Sikushona. Bado naviona viatu vya yule mama vikiinuka.

Alhamisi, 12 Julai

Afadhali kidogo. Kile kitu chungu kinafanya kazi. Nimeshona vipande viwili polepole.

Nimetengeneza mto wa kukalia kwenye kiti cha daktari. Niliona kile kiti Jumatatu, ngozi yake ni ngumu kama ubao wa shule. Nikikikalia asubuhi nzima nitarudi na kidonda cha miezi. Nimechukua tyubu nne za mipira iliyokufa, nikazijaza upepo nusu, nikazishonea ndani ya ngozi kuukuu. Nyambura akaujaribu. Akasema anahisi amekalia timu nzima.

Huwa anasema mpira ni mchezo wa watu wasio na shamba. Lakini nikishona jioni hukaa pale pale na kuchambua maharagwe, na maharagwe hayahitaji kuchambuliwa kila jioni.

Jumapili, 15 Julai

Nyambura kanisani. Mimi nyumbani na jino na mawazo.

Nimewaza juu ya kile kifuko. Kifuko kikubwa zaidi sina. Kutokunywa chochote, nilishawahi, nikapata homa, na Nyambura anakagua kikombe changu kama karani wa forodha. Ila kuna njia ya tatu, na imekuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Tyubu ya mpira ikishajaa upepo, fundi huifunga shingo. Uzi wenye nta, mizunguko mitatu, fundo la kurudi nyuma. Upepo hautoki. Nimefunga mamia. Hakuna hata moja lililofunguka lenyewe. Mimi mwenyewe nikitaka kulifungua hutumia chonge.

Nikifunga paipu asubuhi hiyo, juu tu ya kifuko, hakuna kitakachofurika. Nitafungua tukifika nyumbani. Kibofu kitavumilia asubuhi moja. Watu wengine huvumilia mahubiri.

Sitamwambia. Atakataa.

Jumatatu, 16 Julai

Mpira umebaki kugeuzwa, kutiwa tyubu na kufungwa mshono wa mwisho. Huo ndio mshono wa meno hasa. Nimeuacha mpaka jino lizibwe.

Mwalimu Ndirangu alipita. Akasema vijana wanaota fainali. Nikamwambia waote na kupiga pasi.

Kesho. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumanne, 17 Julai

Niko hai. Jino lipo. Nitaandika kesho.

Jumatano, 18 Julai

Sasa niandike sawasawa, kabla sijaanza kujipendelea.

Asubuhi Nyambura alinipa uji bakuli zima na chai juu yake. Nikanywa vyote ili asishuku. Alipotoka kumwita Gathogo nikapandisha suruali, nikafunga fundo. Mizunguko mitatu. Nikakaza. Nilijisikia mjanja. Hiyo ni dalili mbaya ambayo nimeijua tangu utoto na bado huwa naisalimia kama rafiki.

Maziwa, ngazi, mukwa. Safari hii foleni ilitusalimu. Mtu mmoja akamwambia Nyambura, "Mama, umerudi na mzigo ule ule?" Naye akajibu kwamba alijaribu kuuza, haukupata mnunuzi. Wakacheka wote. Hata mimi. Kifuko kilikuwa kitupu na kikavu, na niliketi kwenye benchi kama chifu.

Tulingoja. Tukangoja zaidi. Umeme ulikuwa umepotea, ukarudi. Saa za kungoja zilikuwa zikijaza kitu ambacho sikukisikia.

Daktari Mwirigi akaniweka kwenye kiti, mto wangu chini, akakiinamisha nyuma. Akanichoma sindano ya ganzi, mbele na nyuma ya jino. Mdomo ukavimba bila kuvimba. Akaanza kutoboa. Sikuhisi kitu, nilisikia harufu tu, kama pembe ya ng'ombe ikichomwa.

Kisha kichwa.

Si maumivu ya kichwa ya kawaida. Ni kama mtu anapigilia mabati ndani yake. Jasho likanitoka usoni na shingoni, matone, na ule ulikuwa mwezi wa Julai, Nyeri. Nywele za mikono zikasimama. Pua ikaziba. Taa ya daktari ikaanza kuwa taa mbili.

Mwirigi aliona. Akazima mashine. Uso wake ukabadilika rangi. Nilijua anachofikiri: sindano yangu imemwua mzee. Akashika mkono wangu kupima mshipa, akaita, hakuna aliyekuja.

Mimi nilijua. Huo ndio ubaya wenyewe. Sista wa Nairobi alituimbisha kama katekisimu: mtu aliyevunjika mgongo juu namna yako, kichwa kikigonga na jasho likitoka, usitafute juu, tafuta chini. Huko chini mwili unalia na hauna njia ya kukufikia, kwa hiyo unapandisha damu mpaka kichwani. Tafuta kibofu kilichojaa, tumbo lililofunga, kitu kinachochoma. Kaa wima. Ondoa. Upesi. Alikuwa amewaona watu waliokawia. Mishipa ya kichwa ilipasuka.

Nilitaka kusema. Mdomo haukuwa wangu. Nikaonyesha kwa kidole, kiti juu, nikaonyesha mguu. Mwirigi akakiinua kiti, asante kwake. Lakini mguu? Akauliza kama unauma.

Nyambura alikuwa mlangoni. Akasema, "Huo mguu haujauma miaka kumi." Akaja akapandisha suruali.

Akaliona fundo.

Sikuwahi kumwona akinitazama vile, na tumeoana miaka kumi na minne. Hakukuwa na muda. Akalishika kwa kucha. Fundo langu halifunguki kwa kucha. Mimi mwenyewe sikuweza kuinama, na hata ningeinama, meno yangu yalikuwa yamelala. Mwirigi akatafuta makasi. Chumba kile kina koleo la kila umbo ambalo Mungu na wazungu wamelifikiria, na makasi yalikuwa yameazimwa na chumba cha vidonda.

Nyambura akapiga magoti sakafuni. Akaweka mdomo kwenye paipu ya mkojo ya mumewe, mbele ya daktari, mlango ukiwa wazi na foleni ikitazama, akatafuta mzunguko wa nje kwa meno. Nilihisi kichwa kinapasuka na bado jicho langu moja likaona jinsi alivyofanya. Hakuvuta. Mtu asiyejua huvuta, na fundo hukaza. Alisukuma kwanza, akalegeza ule wa kurudi nyuma, ndipo akavuta.

Paipu ikapumua. Kifuko kikajaa mpaka juu, daktari akakimbilia beseni la chuma ambalo huwekewa meno. Likapata kazi.

Mabati yakapungua. Moja, moja. Taa ikawa moja tena.

Mwirigi aliketi sakafuni karibu na Nyambura. Wote wawili walikuwa wakihema kama waliotoka mlimani. Mimi peke yangu nilikuwa kwenye kiti.

Baadaye alinieleza kwamba angeweza kuliacha shimo wazi tuje siku nyingine. Nyambura akasema, "Malizia, daktari. Siku nyingine nitakuwa nimemwua mimi." Basi akamalizia nikiwa nimekaa wima, yeye akiwa amesimama juu ya kibao, shingo imepinda, kama anayepaka rangi dari. Ilichukua muda. Akaziba. Akasugua. Jino likawa jino.

Ndipo akatoa hukumu. Alisema kwa upole, akinawa mikono. Jino lile sasa ni ukuta mwembamba uliozunguka simenti. Nile upande huo nikipenda, nicheke nikipenda. Lakini nikilivutia uzi mara moja, litapasuka mpaka kwenye mzizi, na hapo hakuna atakaloweza kufanya.

Kwa hiyo jino nimeliokoa. Limestaafu.

Njia nzima Nyambura alitazama barabara. Gathogo alijaribu kuzungumzia bei ya lishe ya ng'ombe akaacha. Tulipofika nyumbani, Nyambura akishanitoa kwenye gari na kuniweka kitini, akasema sentensi moja.

"Ati ulitaka kufa ukiwa mkavu."

Alhamisi, 19 Julai

Anapika, anafua, ananigeuza, anakagua paipu. Chakula anakiweka mezani bila kukibamiza wala kunibembeleza nile.

Nimejaribu kuomba msamaha. Nilisema kwamba niliaibika siku ile ya kwanza. Akajibu kwamba aliyepangusa sakafu ni yeye, na hakuona aibu pale, aliona maji.

Nimelala kifudifudi nikifikiria hilo. Nilidhani aibu ilikuwa yangu peke yangu, mali yangu, niifungie nipendavyo. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akiibeba kwenye ngazi zile pamoja na mimi, na hakuiona kuwa nzito. Uzito niliuongeza mimi.

Mpira bado umekaa hapo, tumbo wazi.

Ijumaa, 20 Julai

Nimeugeuza mpira, nimeutia tyubu. Umebaki mshono wa mwisho, upana wa kiganja.

Nilipigilia msumari kwenye meza nikafunga ncha ya uzi hapo, nivute kwa mkono mmoja. Msumari hauna akili. Jino hujua lini kukaza na lini kuachia. Uzi ukakatika mara mbili. Mara ya tatu ukachana tundu la ngozi. Nikaacha, nisiiharibu kabisa.

Nililileta chonge mpaka kwenye uzi. Nikaligusa tu. Nyambura alikuwa na maharagwe yake. Hakuinua macho. Akasema, "Jaribu." Kwa sauti ile ya kumwita mtoto anayekaribia jiko. Nikautoa uzi mdomoni.

Mwalimu atakuja kesho asubuhi. Nitamwambia achukue mpira wa kiazi. Nimekwisha kuyapanga maneno. Nitamwambia pia atafute fundi mwingine wa mipira, Karatina yuko mmoja, si mzuri, lakini ana mikono miwili.

Sina la kuongeza. Nalala mapema.

Jumamosi, 21 Julai

Nilipoamka, Nyambura alikuwa ameshaenda sokoni Gatitu na kabichi zake. Uji ulikuwa umefunikwa. Mpira ulikuwa mezani, umefungwa.

Niliuchukua nikaugeuza. Mshono wa mwisho haukuwa wangu. Hatua zake ni fupi, zimekaribiana, kama za mtu anayepanda maharagwe. Sehemu moja umepinda. Lakini umekaza. Nilipotafuta mahali uzi ulipoishia nikakuta fundo la kurudi nyuma, mizunguko mitatu, limezama ndani kama inavyotakiwa. Sikuwahi kumfundisha fundo hilo. Alijifunza Jumanne, kwa meno, akilifungua.

Kipande cha uzi kilichobaki kilikuwa sakafuni. Nta ilikuwa na alama za meno mawili na nafasi katikati.

Mwalimu Ndirangu alikuja, akaudundisha kwenye saruji, akausikiliza. Akasema nimejipita mwenyewe. Nikamwambia awe mwangalifu na upande ule uliopinda, mpira huu una maoni yake. Akaenda nao.

Mchana upepo ulitoka upande wa Ruring'u, nikasikia kelele za watu, zikapanda, zikashuka. Sijui nani alifunga.

Jioni Nyambura alirudi. Akavua viatu, akaweka maji motoni. Bila kugeuka akauliza kama Mwalimu aliupenda mpira. Nikasema aliupenda, ila mshono wa mwisho umepinda kidogo.

Akasema, "Nitamwambia fundi."

Akaja akapandisha suruali yangu, akatazama paipu. Inapita. Akaishusha. Kisha akachukua maji ya vuguvugu akasukutua, muda mrefu kuliko kawaida, akilishika taya kwa kiganja.

Nilisogeza chumvi karibu naye.